Kwa Elia, Kuhusu Spika Tuliyoiweka Ukutani

Kizota, Dodoma

Elia,

Shikamoo yako ya leo asubuhi niliisikia, nikaiitikia, kama ninavyoiitikia kila siku tangu tugombane. Zaidi ya hapo hatuna neno. Mama yako amechoka kuwa posta ya nyumba hii. Mwambie baba chakula tayari. Mwambie Elia afunge geti. Jana kaniambia hakuolewa ili awe simu ya watu wawili wanaokula sahani moja. Basi nakuandikia. Ninyi mmekwenda kanisani kuagana na wanakwaya, mimi nimebaki karakana na nimefunga mlango nisije nikasumbuliwa na mteja, ingawa wewe ulishatangaza mbele za watu kwamba wateja hawaji.

Sitakuambia ule vizuri wala ufue mashati. Hayo mama yako ameyasema na atayarudia mpaka basi liondoke. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na sitaki upande hilo basi ukidhani zimeisha.

Kesho unakwenda Dar es Salaam kumfanyia kazi Mashaka. Katika watu wote wenye maduka chini ya jua, Mashaka. Mtu aliyekuwa akija hapa karakana na redio ya baba yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli, nikamtengenezea, na mipaka ilipofunguliwa akawa wa kwanza kuleta yale maredio makubwa meusi yenye taa zinazowakawaka. Sasa ana duka hapa mjini na jingine huko pwani, na wewe ndiye kijana wake.

Lakini nianze mahali tulipoharibikiwa, kwa sababu najua utakavyosimulia huko uendako. Utasema baba yako ni mzee mwenye wivu. Nataka uwe na upande wangu pia, kwa mwandiko wangu.

Yule mwalimu alipokuja ulikuwa unaunga waya pale dirishani. Mwalimu Damari, kutoka shule moja upande wa Gulwe. Alikuwa amefunga kitambaa shingoni, na alipotusalimu tulidhani ananong'ona siri. Koo lilikuwa limekwisha. Paa la darasa moja lilikuwa limeng'olewa na upepo, akapewa watoto wa madarasa mawili katika chumba kimoja kirefu, akapiga kelele muhula mzima hadi sauti ikakatika. Daktari alimwambia asipaze sauti tena. Wakubwa wake walimwambia mwalimu asiyesikika hafundishi, watamtafutia kazi ya kugawa vitabu stoo. Alituambia hivyo huku anatazama mikono yake, na mama yako, aliyekuwa amemletea maji, akakaa chini bila kuambiwa.

Alikuwa na amplifaya ndogo iliyotolewa kwenye gari bovu la kaka yake, betri ya gari na maiki. Alichokosa ni spika. Tukamwonyesha ile ndogo, upana wake kama kisosi, niliyoitoa kwenye redio ya zamani na kuitunza kwa sababu ya sumaku yake. Spika moja inayotoa sauti zote, nzito na nyembamba, kwenye karatasi ile ile inayotetemeka. Tukakubaliana kwamba ndiyo hiyo. Ilibaki boksi. Hapo ndipo tulipoachana.

Wewe unadhani nilitaka boksi lililofungwa pande zote kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Sivyo. Nilitaka hivyo kwa sababu nimeshakosea kwa njia nyingine zote. Nilipopunguzwa kazi kwenye karakana ya shirika, wewe ukiwa bado hujui kufunga kamba za viatu, nilianza na mbao za masanduku ya chai. Nyepesi, rahisi kukata. Kila mtangazaji wa habari akasikika kama anatangaza kutoka ndani ya debe. Halafu nikamtengenezea kinyozi mmoja kwa kutumia chungu, kwa kuwa nilisikia chungu hakitetemeki. Kweli hakikutetemeka, ila muziki wote ukawa wa msibani, na kinyozi akakigeuza pipa la taka. Nikaja kwenye mninga, mbao nzito, nikajaza sufi ndani kama ninashona mto, sauti ikalala usingizi humo humo. Nilichukua miaka kujua sufi kiasi gani na nafasi kiasi gani, na hakuna aliyenifundisha. Hivyo nilipokuambia tufunge, sikuwa nabahatisha.

Nawe hukusema "Baba, hebu tujaribu na nyingine." Ulisema, mwalimu akiwa palepale, "Baba anataka kukutengenezea kabati." Ukacheka. Mwalimu naye akacheka kidogo, kwa adabu, na koo likamuuma.

Ukatengeneza lako. Plaiwudi nene, tundu mbele, na kipande cha bomba la maji ndani ya tundu ili sauti ya nyuma ya spika itoke nayo ifanye kazi. Nilijua unafanya nini. Nilijua hata uliposoma, maana ulilificha gazeti lile la Kiingereza chini ya godoro kama watoto wengine wanavyoficha mambo mengine. Mimi nikatengeneza langu la mninga. Tukayaweka barabarani mbele ya karakana, tukahamisha spika kutoka hili kwenda lile, na watu wakajaa. Ulipiga kaseti ya kwaya. Lako likavuma. Lilitoa besi ambayo spika ya ukubwa wa kisosi haina haki ya kuitoa. Watu wakatingisha vichwa. Langu lilipopewa zamu, mtu mmoja akauliza kama limewashwa.

Mwalimu akaondoka na lako. Nililibeba langu ndani nikalitumia kukalia.

Hazikupita wiki nyingi akarudi. Alikuwa amelibeba kwenye khanga mgongoni, kama mtoto. Alitueleza kwa kuandika ubaoni, kwa chaki, kwa sababu siku hiyo hata kunong'ona kulikuwa kumemshinda. Watoto walisikia sauti lakini hawakusikia maneno. Kila neno lilivimba likaingia kwenye linalofuata. Na akiongeza sauti kidogo tu, maiki inapiga mluzi hadi watoto wanaziba masikio. Wakubwa wake wamempa muda mpaka muhula ufungwe.

Nami nikafanya nini? Hilo umelisimulia kwa kila jirani, sina haja ya kulipamba. Nilichukua ile chaki na kuandika chini ya maneno yake: KABATI. Nikalitoa boksi langu, nikalipangusa vumbi mbele yako, nikahamishia spika humo, nikampa mwalimu. Mafundi wa jirani walikuwepo. Uliweka chini bisibisi uliyokuwa umeishika ukatoka nje, na tangu hapo ukawa unanipitia kama mtu anayepita nguzo ya umeme.

Sikujuta siku ile. Nilihisi vizuri sana, nilikula ugali hadi mama yako akanishangaa.

Kisha mwalimu akatuma salamu kwa mtu wa treni. Boksi la baba nalo limeshindwa. Maneno yanasikika safi, kila silabi, lakini kwa watoto wa madawati ya mbele tu. Wa nyuma wanaona midomo yake inacheza.

Mama yako ndiye aliyetutuma Gulwe wote wawili. Alisema yule ni mwanamke anayepoteza kazi wakati wanaume wawili wanashindana kwa mbao, na hatapika chakula cha yeyote atakayebaki. Tukapanda treni, wewe na boksi lako, mimi na vifaa. Ulikaa dirisha la upande huu, mimi la upande ule. Kati yetu alikaa mzee mmoja aliyetusalimu kwa Kigogo, "mbukwa", kila mmoja kwa wakati wake, akidhani hatujuani. Hukumrekebisha. Mimi pia sikumrekebisha.

Sasa nataka nikukumbushe yaliyotokea kwenye lile darasa, kwa sababu hatujawahi kuyasema.

Tulifika watoto wakiwa wameshakwenda nyumbani. Chumba kirefu kweli, ukuta wa matofali ya udongo, na nyuma kabisa, nyuma ya ukuta wa mwisho, stoo ya majembe. Uliweka boksi lako mbele, ukahamishia spika humo, ukazungumza kwenye maiki, ukatingisha kichwa kukataa. Niliirudisha spika kwenye langu, nikazungumza, nikatingisha kichwa vivyo hivyo. Ulilihamisha langu katikati ya chumba bila kuniomba. Likasikika vizuri zaidi kwa nyuma, ukatazama ukuta wa mwisho. Nilikuwa nimeshautazama. Nilikwenda kuugonga kwa kiganja, hapa na pale, na ulipoona nagonga ukatoka ukaenda kufungua stoo, ukagonga kwa upande wa pili. Nakumbuka milio ile miwili ikitafutana, hadi tukagonga sehemu moja.

Hakuna aliyesema "tuache maboksi yote." Ulianza kuifungua spika kutoka kwenye mninga wangu, mimi nikaanza kukata ubao wa kuishikilia. Chumba kizima cha stoo kingekuwa ndiyo boksi. Lingekuwa limefungwa kama nilivyotaka, lakini kubwa kupita lako na langu, sauti ya nyuma ipotelee huko kwenye majembe isirudi kusumbua. Na kwa mbele, ukuta mzima ungeisukuma sauti kwa watoto waliokuwa hawasikii, mbali na maiki. Tulijua vyote hivyo kila mmoja kwa upande wake, na hatukuambiana hata kimoja.

Kisha akaja yule mzee wa kamati ya shule, mwenye fimbo. Alisimama mlangoni akaona nimeshika patasi na nyundo.

"Mnataka kuutoboa ukuta tulioujenga kwa mikono yetu?"

"Tutauziba," tulisema, wewe na mimi, kwa pamoja, kama wanakwaya. Ulikasirika kwa kusema pamoja nami. Niliona shingo yako ilivyokaza. Mimi pia nilikasirika. Mzee akatutazama, akasema basi utobolewe, lakini yeye atakaa hapo hapo aangalie. Akakaa.

Nilitoboa. Ulishika taa, kisha ulishika gunia chini ili vumbi lisimwagike kwenye madawati. Uliweka ubao, nikakaza skrubu. Ulichanganya udongo, nikaziba nyufa zote kuzunguka ubao kwa kidole. Waya uliupitisha juu darini, kazi safi, hata mimi nisingeupitisha vile. Asubuhi watoto walipojaa, Mwalimu Damari alisimama mbele akashika maiki karibu na mdomo, akanong'ona, kwa sauti ile iliyovunjika, "Andikeni tarehe." Na wale wa dawati la mwisho kabisa, waliokuwa wakicheza kete kwa miezi, wakageuka kutazama ukuta, kisha wakainama wakaandika. Mwalimu alirudia, hakuwa na haja ya kurudia. Alitaka tu kuona tena.

Mzee wa kamati alinipa mkono, akakupa mkono. Alisema nimezaa fundi.

Kazi ile ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kufanya, Elia, na nimefanya nyingi. Tuliifanya bila hata "nipe nyundo." Kwenye treni ya kurudi nilidhani tumekwisha kupatana. Nilidhani watu wanaofanya kazi kama ile hawahitaji kusema kitu. Hapo nilikosea, na ni kosa ambalo linaniuma kuliko chungu cha kinyozi, kwa sababu wewe ulikuwa umeshaamua. Ulikuwa umekaa dirishani kwako ukipanga maneno ya kumwambia mama yako.

Yeye ndiye aliyeniambia. Anakwenda kwa Mashaka. Nilisimama hivyo hivyo nilivyokuwa, na bisibisi mfukoni, nikaenda mjini.

Unakumbuka duka lilivyojaa. Ulikuwa nyuma ya meza, tayari umeshavaa shati la duka. Nikachukua moja ya yale maredio makubwa, lenye duara tatu kila upande, nikalilaza kwenye kioo cha meza nikafungua mgongo wake mbele ya wateja. Nikawaonyesha. Duara moja ina spika. Mbili zilizobaki ni plastiki na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, hazina sumaku, hazina koili, hazina hata waya. Zinatazama tu. Nikawaambia wananunua macho ya mwanasesere. Nilitegemea watu watoke.

Ukaniambia, polepole, hukuwa hata na hasira, "Baba, wateja wanajua. Wanapenda hivyo hivyo. Ndiyo maana kwako hawaji."

Na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mkononi akasema kweli, yeye anajua, lakini sebuleni linapendeza. Akalinunua lile lile nililolifungua. Nililifunga mwenyewe, skrubu moja moja, huku watu wananisubiri. Sijawahi kufanya kazi inayochukua muda mrefu namna ile.

Tangu siku hiyo ndiyo sisi wa shikamoo na marahaba.

Nimelifikiria sana jibu lako, na sitakudanganya, sijapata la kulijibu. Labda wanajua kweli. Labda nchi nzima imechoka na vitu vya kweli vilivyokuwa vichache, foleni kwa kila kitu, na sasa inataka taa zinazowakawaka hata kama nyuma yake hamna kitu. Mimi nilipokuwa na umri wako tulingojea betri za redio kama watu wanaongojea mvua. Siwezi kuwalaumu. Lakini wewe naweza kukulaumu, kwa sababu wewe uliona wale watoto wakigeuka kutazama ukuta. Yule mama mwenye mtoto hakuwepo Gulwe. Wewe ulikuwepo, umeshika gunia.

Hili ndilo lililonitia hasira zaidi ya kabati, zaidi ya shati la duka. Unajua tofauti. Ungekuwa hujui ningekuacha uende, kama ninavyowaacha vijana wengine.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye barua, na nilikuwa nimepanga kuimalizia kwa maneno makali zaidi ya haya. Nilikuwa nayo tayari. Kisha mlango ukagongwa, na kwa kuwa aliyegonga hakuondoka, nikafungua. Alikuwa Mashaka.

Sikumpa kiti. Alisimama kwenye takataka za randa na viatu vyake vinavyong'aa, akaniamkia, nikamwitikia. Alisema amekuja kuchukua sanduku lako liende na mzigo wake. Nikamwonyesha lilipo. Hakulishika. Alizungukazunguka, akagusa mninga huu, akagusa ule, kisha akasema, "Fundi, kijana wako amenipa sharti."

Nikamuuliza sharti gani.

"Anasema yale yenye spika za bandia atayauza, lakini kila mteja lazima afunuliwe mgongo wa redio kwanza aone. Aambiwe hii ni spika, hii ni picha ya spika. Baada ya hapo akipenda anunue. Nimemwambia atanifukuzia watu. Akasema basi nitafute mwingine. Alilisema mara ya kwanza, nikadhani utoto. Jana kalisema tena mbele ya mke wangu." Akajipangusa uso kwa leso. "Nakuuliza wewe uliyemzaa. Huyu anaweza kubadilika?"

"Hapana," nikamwambia. "Mimi nimejaribu."

Alisimama pale akifikiri, mtu mzima mwenye maduka mawili, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilingoja aseme kwamba basi, hakuchukui. Nilitaka aseme hivyo, sitakuficha. Mwishowe akabeba sanduku lako mwenyewe, akalipeleka kwenye gari. Alisema vijana wa aina hiyo ni tabu lakini hawaibi. Sikumsindikiza.

Kwa hiyo sina tena ule mwisho niliokuwa nimeuandaa. Hukuniambia habari za sharti hilo. Hukumwambia hata mama yako, maana angenipasha habari kabla chai haijachemka. Ulikaa nalo kama ulivyokaa na lile gazeti chini ya godoro, ukaacha nikuchukie wiki zote hizi bila sababu kamili. Na hilo nalo limenikasirisha, kwa hiyo ongeza kwenye hesabu yangu.

Bado nasema unakwenda mahali pabaya. Bado nasema wengi wa wateja wake watatazama ndani ya hayo maredio, watacheka, na watanunua, na wewe utaumia zaidi kuliko kama usingewaonyesha. Ukichoka usinyamaze kama unavyoninyamazia mimi. Mwambie Mashaka usoni. Anaweza kuvumilia; nimemwona leo.

Stendi sitakuja kesho. Mama yako atakusindikiza, atalia kwa niaba ya wote. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa koti lako, na juu ya bahasha nitaandika usiisome mpaka uwe umepita Morogoro, maana nakujua, ungeshuka urudi kubishana.

Ukija likizo usiniletee zawadi wala usije kuomba radhi, sitaipokea. Njoo unieleze kwa nini yule mama alilinunua. Nataka kubishana nawe juu ya jambo hilo, kwa mdomo, tukiwa tumekaa, hata kama itatuchukua likizo yote.

Ni mimi, baba yako, ambaye bado hajakubali.